Kitanzi cha Wajakazi: Sauti na Utumwa katika Usimulizi Mpya wa Visasili vya Kigiriki

Utangulizi

Tangu miaka ya themanini ya karne iliyopita, riwaya zinazosimulia upya visasili vya Kigiriki zimeongezeka kwa kiasi kikubwa, hasa katika lugha za Kijerumani na Kiingereza. Christa Wolf, mwandishi wa iliyokuwa Ujerumani Mashariki, alitoa Kassandra mwaka wa 1983 na Medea: Stimmen mwaka wa 1996. Margaret Atwood wa Kanada alichapisha The Penelopiad mwaka wa 2005. Madeline Miller wa Marekani alifuata na The Song of Achilles (2011), riwaya iliyopata tuzo ya Orange mwaka wa 2012, kisha Circe (2018). Pat Barker wa Uingereza, aliyekwisha kujulikana kwa riwaya zake kuhusu Vita vya Kwanza vya Dunia, aligeukia vita vya Troy katika The Silence of the Girls (2018), The Women of Troy (2021) na The Voyage Home (2024).

Aghalabu riwaya hizi husifiwa kwa hoja moja, kwamba zimempa sauti mwanamke aliyenyamazishwa na Homer. Hoja hii ina mizizi inayoheshimika. Adrienne Rich, mshairi wa Marekani, alikwisha kudai mwanzoni mwa miaka ya sabini kwamba mwanamke mwandishi hana budi kuyarudia maandishi ya kale na kuyatazama kwa jicho jipya, la sivyo hataweza kujinasua nayo. Hélène Cixous naye, katika insha yake maarufu ya mwaka wa 1975, alimchukua Medusa, zimwi la kike la Wagiriki, akamfanya ishara ya mwanamke anayecheka badala ya kuogofya. Hata hivyo, dai la kwamba sauti imetolewa halijibu swali la msingi. Ni mwanamke yupi aliyepewa sauti hiyo, na maneno yake yanamtumikia nani?

Makala haya yanakusudia kulichunguza swali hilo kwa kumfuata mhusika mmoja ambaye wahakiki wengi humpita haraka, yaani mjakazi. Dai letu ni kwamba kipimo cha riwaya ya aina hii hakipatikani kwa Penelope wala Kassandra wala Circe. Kinapatikana kwa yule mtumwa wa kike anayesimama nyuma ya malkia. Tutaanza na Homer mwenyewe, kisha tuziangalie riwaya nne, na mwishoni tueleze kwa nini msomaji wa Kiswahili ana haki na wajibu wa pekee katika mjadala huu.

Mjakazi katika tendi za Homer

Si kweli kwamba mjakazi hana sauti kabisa katika tendi za Homer. Katika kitabu cha 20 cha Odyssey, alfajiri ya siku ambayo Odysseus atawaua wachumba waliovamia nyumba yake, tunamsikia mwanamke mmoja kwenye mawe ya kusagia. Wanawake kumi na wawili hufanya kazi hapo kila siku. Wenzake wamemaliza ngano yao na kulala. Yeye peke yake, aliye dhaifu kuliko wote, bado anasaga. Anamwomba Zeus kwamba karamu ya siku hiyo iwe ya mwisho kwa wachumba, kwa kuwa kazi ya kuwasagia unga imemvunja viungo. Odysseus anayasikia maneno hayo na kufurahi, maana anayachukua kuwa ni ndege njema.

Jina la mwanamke huyu halitajwi, wala haelezwi baadaye kama alipumzika. Amepewa sauti kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba uchovu wake umeafikiana na nia ya bwana wake. Tukio hili dogo ni muhimu sana kwa hoja yetu kwa kuwa linaonyesha kwamba kusema si sawa na kuwa huru. Mshairi wa kale alijua kumpa mtumwa maneno, na alijua pia kuyatumia maneno hayo kwa faida ya shujaa.

Mfano wa pili uko katika kitabu cha 19 cha Iliad. Briseis, mwanamke aliyetekwa na ambaye kwa ajili yake Achilles na Agamemnon waligombana, anazungumza mara moja tu katika utendi wote, anapoomboleza kifo cha Patroclus. Mara tu anapomaliza, Homer anatuambia kwamba wanawake wengine waliokuwapo waliangua kilio pamoja naye, kwa nje wakimlilia Patroclus, lakini ndani kila mmoja akililia msiba wake mwenyewe. Hapa mshairi anaifungua pazia kidogo. Anatuonyesha kwamba chini ya maombolezo ya halali pana huzuni nyingine isiyoruhusiwa kutamkwa, kisha anaifunga tena. Mwandishi wa kisasa anayedai kumsahihisha Homer hana budi kukumbuka kwamba Homer aliiona huzuni hiyo. Alichokosa ni nia ya kuisimulia.

Mfano wa tatu ndio unaotisha zaidi. Katika kitabu cha 22, baada ya wachumba kuuawa, mlezi Eurycleia anamwarifu Odysseus kwamba kati ya wajakazi hamsini wa nyumba hiyo, kumi na wawili wamekosa uaminifu. Odysseus anaamuru waitwe waondoe maiti na kuosha damu katika ukumbi, halafu wauawe kwa upanga. Telemachus, mwanawe, anaona kifo cha upanga ni cha heshima kupita kiasi kwao. Anaitwaa kamba ya merikebu na kuwanyonga wote kwa pamoja. Homer anawafananisha na ndege walionaswa mtegoni wakiwa wanarudi kulala, na anataja kwamba miguu yao ilitikisika kwa muda mfupi tu.

Suala la istilahi

Kabla ya kuendelea, ni muhimu tusimame kwenye neno lenyewe. Neno la Kigiriki analolitumia Homer kwa wanawake hawa, dmoai, lina maana ya watumwa wa kike. Kwa muda mrefu tafsiri nyingi za Kiingereza zimetumia neno linalomaanisha mtumishi wa nyumbani, na baadhi zimewaongezea wanawake walionyongwa matusi ya uzinzi ambayo hayamo katika matini asilia. Emily Wilson, mwanamke wa kwanza kuchapisha tafsiri kamili ya Odyssey kwa Kiingereza (2017), aliweka wazi kwamba hawa walikuwa watumwa, na kwamba mtumwa hana uwezo wa kukubali wala kukataa anapotakwa na mwanamume mwenye nguvu. Tafsiri hiyo ilibadilisha namna tukio hilo linavyosomwa madarasani.

Lugha ya Kiswahili haina haja ya kulitafuta neno. Inalo neno mjakazi, na inalo neno suria kwa mjakazi anayelala na bwana wake. Maneno haya hayatokani na ubunifu wa washairi. Yalikuwa na maana ya kisheria na ya kijamii katika pwani ya Afrika Mashariki. Amri ya mwaka wa 1897 iliyobatilisha hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja haikuwahusu masuria, na ilibidi wangoje hadi mwaka wa 1909. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili anapomfikiria Briseis kuwa ni suria, hahitaji maelezo marefu kuhusu maisha yake. Tukimwita Melantho, mmoja wa wale walionyongwa, "mtumishi", tunakuwa tumeficha kile ambacho lugha yetu yenyewe inakijua.

Kassandra: kimya cha Marpessa

Riwaya ya Wolf ni usemi-nafsi mmoja mrefu. Kassandra, binti wa mfalme Priam, ameletwa Mycenae akiwa mateka wa Agamemnon. Anajua kwamba atauawa muda si mrefu, na anautumia muda uliosalia kuyakumbuka maisha yake. Wolf, ambaye mwaka wa 1982 alitoa mihadhara mjini Frankfurt kuhusu jinsi alivyoiandika kazi hii, anaitumia Troy kuchunguza namna jamii inavyoandaliwa kwa vita: maneno hubadilishwa, walinzi wa usalama wa Eumelos hujipenyeza kila mahali, na Helen, ambaye kwa ajili yake watu wanakufa, hayumo kabisa mjini. Si ajabu kwamba toleo la Ujerumani Mashariki la mihadhara hiyo lilikatwa sehemu kadhaa na wadhibiti.

Pamoja na Kassandra yuko Marpessa, mtumwa aliyemhudumia tangu Troy. Kassandra anazungumza ndani ya nafsi yake kurasa zote. Marpessa ananyamaza. Kimya hiki kingeweza kuchukuliwa kuwa ni upungufu wa riwaya, lakini sisi tunakiona kuwa ni uaminifu wake. Wolf anamfanya Kassandra mwenyewe akitambue kimya hicho, na akubali kwamba upo umbali kati yake na mtumwa wake ambao hata kifo cha pamoja hakiuondoi. Kweli, katika mapango ya mlima Ida wanawake wa ikulu na watumwa wanaishi pamoja kwa muda, na hiyo ndiyo ndoto ya kisiasa ya riwaya. Hata hivyo ndoto hiyo haitumiwi kudai kwamba binti wa mfalme anaweza kumsemea mtumwa wake. Marpessa anabaki na kilicho chake.

The Penelopiad: korasi inayompinga msimulizi

Atwood anachukua njia tofauti. Penelope anasimulia kwa nafsi ya kwanza akiwa kuzimu, katika zama zetu. Masimulizi yake yanakatizwa mara kwa mara na korasi ya wajakazi kumi na wawili. Muundo huu umekopwa kutoka tamthilia za Kigiriki, lakini korasi ya Atwood haina utanzu mmoja. Inaanza na wimbo wa watoto wa kuruka kamba, na msomaji hachelewi kutambua kamba hiyo ni ipi. Baadaye inakuwa maombolezo, wimbo wa mabaharia, mchezo wa kuigiza, mhadhara wa anthropolojia na kesi ya mahakamani.

Penelope anakiri kwamba aliwalea baadhi ya wasichana hawa, kwamba walimsaidia usiku kuifumua sanda aliyoifuma mchana, na kwamba yeye ndiye aliyewatuma wawakaribie wachumba na kujifanya wanamsema vibaya ili wamletee habari. Siri hiyo hakumwambia Eurycleia. Waliponyongwa alikuwa usingizini. Kufikia hapo tunaweza kumhurumia. Lakini katika mchezo wao wa kuigiza wajakazi wanatoa habari nyingine: pengine Penelope hakuwa mwaminifu kwa mumewe kama anavyodai, na pengine walikufa kwa sababu walijua mno. Atwood haamui ni upande upi unaosema kweli. Malkia aliyepewa sauti na mwandishi wa kisasa anatiliwa shaka na watumwa wake ndani ya kitabu hichohicho.

Sehemu mbili zinatuhusu sisi wanataaluma moja kwa moja. Katika mhadhara wa anthropolojia, wajakazi wanajieleza kuwa ishara za ibada ya mwezi, kwa hesabu ya kumi na wawili pamoja na Penelope wa kumi na tatu, kisha wanaikejeli hadhira yao iliyoelimika kwa kuwa ni rahisi zaidi kuwachukulia kama ishara kuliko kama watu waliokufa. Katika kesi ya Odysseus, jaji wa leo anaifuta kesi kwa hoja kwamba mtu wa kale hawezi kuhukumiwa kwa maadili ya sasa. Hoja hiyo tumeisikia mara nyingi katika semina zetu. Ina nguvu yake, kwani kila zama zina desturi zake. Udhaifu wake ni kwamba humzingatia bwana tu. Huyo msagaji wa kitabu cha 20 aliishi zama hizohizo, na hakuhitaji maadili ya karne nyingine ili ajue kwamba ameonewa.

Circe na The Silence of the Girls: mipaka ya nafsi ya kwanza

Katika Circe, Miller anamwonyesha Telemachus akiwa mtu mzima anayemsimulia Circe habari za unyongaji. Anajuta, na wale wanawake hawamtoki akilini. Ni sehemu iliyoandikwa kwa hisia ya kweli, na inamfanya Telemachus astahili upendo wa Circe. Tatizo liko papo hapo. Vifo vya wajakazi vimegeuka kuwa ushahidi wa utu wa aliyewaua. Kama vile sala ya msagaji ilivyomfaa Odysseus, kamba inamfaa mwanawe. Circe ni riwaya inayosifika kwa sauti ya mwanamke, na kwa haki, ila inapofika kwa watumwa inarudia utaratibu wa Homer bila kuonyesha kwamba imeutambua.

Barker anaukabili ugumu huu kwa uwazi zaidi. Briseis wake alikuwa malkia wa Lyrnessus kabla ya mji huo kutekwa, kisha akawa zawadi ya Achilles, muuaji wa mumewe na ndugu zake. Barker anaeleza jinsi utumwa unavyomfikisha mtu mahali pa kujiona mwenyewe kuwa ni bidhaa. Priam anapokuja kumpigia magoti Achilles na kuubusu mkono uliomuua mwanawe, tukio linalotukuzwa kuwa kilele cha Iliad, Briseis anawaza kwamba jambo analolazimika kulifanya yeye kila usiku limefanywa na wanawake wasiohesabika, wala hakuna aliyelitungia utendi. Kwa wazo hilo moja uzito wa tukio zima unahama.

Wahakiki wengine wamelalamika kwamba kuanzia sehemu ya pili ya riwaya usimulizi unahamia mara kwa mara kwa Achilles, katika nafsi ya tatu, hivyo Briseis anapoteza nafasi. Lalamiko hilo ni la haki kimuundo. Lakini Briseis mwenyewe anakiri mwishoni kwamba alijaribu kutoka katika hadithi ya Achilles akashindwa. Anaondoka akiwa na mimba ya Achilles na akiwa ameozwa mwanamume mwingine kwa amri ya Achilles. Riwaya inayodai kwamba mwanamke huyu ana usimulizi ulio wake kikamilifu ingekuwa inasema uongo kuhusu utumwa.

La kuvutia zaidi ni njia aliyoifuata Barker baadaye. Katika The Voyage Home msimulizi wa nafsi ya kwanza ni Ritsa, mtumwa anayemhudumia Cassandra safarini hadi Mycenae. Hakuwa malkia. Alikuwa mganga wa kawaida aliyetekwa. Maneno yake ni makavu, hana subira na unabii wa bibi yake, na anayahesabu mambo kwa kazi yanayomletea. Mahali alipokuwa Marpessa wa Wolf mwaka wa 1983, akiwa kimya, ndipo anaposimama Ritsa mwaka wa 2024 akisimulia. Hatudai kwamba Barker alikusudia kumjibu Wolf. Tunachosema ni kwamba utanzu huu umechukua miaka arobaini na mmoja kutoka kwa bibi hadi kwa mjakazi.

Funzo kwa fasihi yetu

Wasomaji wa Kiswahili hawakuanza jana kukutana na Wagiriki. Samuel Mushi alikwisha kutupatia Mfalme Edipode, tafsiri ya tamthilia ya Sophocles, mwaka wa 1971. Aidha, usimulizi mpya wa hadithi za kale si jambo geni kwetu, kwani sehemu kubwa ya tenzi za kale za Kiswahili ni visa vilivyopokelewa kutoka kwingine na kutungwa upya. Kwa hiyo swali lililoulizwa hapa linaweza kuelekezwa kwetu pia.

Katika Utenzi wa Fumo Liyongo wa Muhammad Kijumwa (1913), shujaa anapokuwa gerezani anaokolewa kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa. Anayeupeleka mkate huo ni kijakazi Saada. Walinzi wanachukua vyakula vizuri na kuuacha mkate wa wishwa, kwa kuwa wanauona ni chakula duni. Hila yote inasimama juu ya dharau yao. Saada anapoimaliza kazi hiyo anatoweka katika masimulizi. Tunafundisha utenzi huu kila mwaka. Tunajadili ushujaa wa Liyongo, usaliti wa mwanawe na huzuni ya mama yake. Ni mara chache mno tunapouliza nini kilimpata kijakazi siku walinzi walipogundua kwamba mfungwa ametoroka, na mkate ulipitia mikononi mwa nani.

Mtu anaweza kupinga kwamba hakuna kazi ya fasihi inayoweza kumsemea kila mhusika, na kwamba uteuzi ndio asili ya usimulizi. Tunakubali. Hatutaki kila utenzi uandikwe upya kwa sauti ya Saada. Tunachotaka ni kazi inayojua mpaka wake uko wapi, kama Wolf alivyoujua alipomwacha Marpessa anyamaze, na kama Atwood alivyoujua alipowaruhusu wajakazi wamkanushe msimulizi wake.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba sifa ya kutoa sauti, inayotolewa kwa wepesi kwa riwaya zinazosimulia upya visasili vya Kigiriki, haitoshi kuwa kigezo cha uhakiki. Homer mwenyewe alitoa sauti kwa msagaji asiye na jina, na sauti hiyo ikamtumikia bwana. Kati ya riwaya tulizozichunguza, zile zilizofaulu zaidi ni zile zilizotia shaka haki ya msimulizi wao kusema kwa niaba ya walio chini yake. Circe, licha ya uzuri wake, haikulifikia hilo. The Penelopiad ililifikia kwa muundo, Kassandra kwa kimya, na Barker kwa kubadilisha msimulizi kutoka riwaya hadi riwaya.

Kazi inayobaki ni yetu. Atakayewafasiri waandishi hawa kwa Kiswahili atalazimika kuchagua kati ya mtumishi na mjakazi katika ukurasa wa kwanza kabisa, na uchaguzi huo utakuwa tayari ni uhakiki. Na mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu angeweza kuanza na Saada, akiwa amebeba mkate mlangoni pa gereza la Pate.